Umepata chumba mlimani Kirumba? Uliza choo kwanza!

Mshikaji wangu mmoja alipata chumba juu kabisa mlimani, Kirumba. Kodi poa, upepo wa ziwa bure, na usiku unaona taa za wavuvi wa dagaa utadhani mji mwingine umehamia majini. Akaniita nikakione. Nikakisifia weee! Kisha mvua ikaanza...

Haikupita nusu saa harufu ikaingia. Kumbe jirani wa juu alikuwa anaisubiri mvua, akafungulia choo chake! Mzigo ukateremka kwenye ngazi za mawe, ukapita mlangoni kwa mshikaji, ukaishia kwa mama mmoja wa chini anayekaanga samaki. Mama wa watu hakutukana. Alisema tu, "Wanangu, mwaka huu hii ya tatu," akashika fagio.

Sasa kumlaani yule jirani ni rahisi, lakini subiri kidogo. Vilima vya Mwanza ni mawe matupu, ndiyo maana ya lile jina la Rock City. Ukichimba shimo, sururu inagonga mwamba kabla hujafika kiunoni. Choo kinajaa upesi. Ukitapishe? Gari la kunyonya halipandi vichochoro ambavyo hata mkokoteni unavikataa! Basi mtu anabaki kutazama mawingu. Na mzigo wote ule mwisho wake ni Ziwa Victoria, ziwa hilo hilo ambalo Mwanza inachota maji ya kunywa. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika mpaka huku, na huwa hakiulizi unakaa juu au chini.

Dawa ipo, tena si ya ajabu. Wabrazil waliianza katika mji wa Natal mwanzoni mwa miaka ya 1980: mabomba membamba, kama sentimita 10 hivi, yanafukiwa juu juu tu na kupita uchochoroni, nyumba hadi nyumba, na chemba ndogo hapa na pale. Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, nayo imeyapitisha kwenye baadhi ya makazi ya milimani. Hapo ule mlima uliokuwa adui unageuka rafiki, maana mteremko wenyewe ndio unaosukuma. Wewe kazi yako ni ndoo ya maji tu.

Upande wa Ilemela kuna mabwawa ya Butuja. Usitegemee kukuta mashine za kutisha. Maji machafu yanatulia kwenye mabwawa siku nyingi: tope linazama, bakteria wanakula uchafu, mwani unawapa hewa, na jua linamalizia vijidudu. Jua la Mwanza unalijua!

Ila bomba jembamba halina utani. Pedi, matambara, mchanga, makoko ya ugali... ukitupia humo chemba inaziba, na anayefurikiwa ni nani? Yule yule wa chini.

Mshikaji hajahama. Kila mwisho wa mwezi anamganda mwenye nyumba aende kuulizia bomba, na mwenye nyumba anamjibu alipe kwanza kodi ya miezi sita. Juzi nimepita kununua samaki, nikakuta mama wa chini amejenga kijiukuta cha mawe mlangoni, kimo cha goti.