Akili ya Mtihani na Akili ya Kazi

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotoka, kuanzia Mtwapa hadi Marereni, vijana hugawanywa mafungu mawili: wenye akili na wasio nazo. Aliyepata C+ kwenda juu amefungua njia ya chuo kikuu. Aliyepata D huambiwa atafute kazi ya mkono, na maneno hayo husemwa kwa sauti ya msiba. Miaka kumi baadaye utamkuta wa pili ana gereji yake Malindi mjini na ameajiri watu, huku wa kwanza angali akizunguka na bahasha ya kaki. Mara nyingi zaidi, tusidanganyane, utakuta kinyume chake. Basi akili ina kazi gani katika mafanikio ya mtu? Sisi tunaosomea saikolojia ya kazi tuna majibu, na sehemu ya ushahidi imepatikana hapahapa Kilifi.

Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba mtoto anayefanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine. Akasema nyuma ya masomo yote kuna uwezo mmoja wa jumla. Tangu hapo waajiri wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiupima uwezo huo. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 wakatangaza kwamba uhusiano kati ya akili ya jumla na utendaji kazini unafika 0.51, kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana moja kwa moja. Namba hiyo ilitawala vitabu vyetu kwa zaidi ya miaka 20. Kisha mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakairudia hesabu. Tatizo lilikuwa hili: waliopimwa ni wale tu waliokwisha kuajiriwa, na watafiti wa awali, katika kuwafidia wale walioachwa nje, walikuza namba kupita kiasi. Hesabu mpya ilitoa 0.31. Kwa lugha nyepesi, katika tofauti zote zilizopo kati ya mfanyakazi hodari na dhaifu, akili ya jumla inaeleza takriban sehemu moja ya kumi.

Sehemu moja ya kumi si kidogo. Hata hivyo, katika hesabu hiyohiyo, mtihani unaopima ujuzi wa kazi yenyewe ulipata 0.40, na mahojiano yaliyopangwa vizuri, kila mwombaji akiulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, yalipata 0.42. Sababu inaeleweka. Faida kubwa ya akili kazini ni kumwezesha mtu kujifunza upesi. Akishajifunza, kinachofanya kazi ni ule ujuzi alioupata. Aliyejifunza polepole lakini akafika, amefika.

Mtazame mvuvi wa Mayungu. Kabla ya kushusha dema anapaswa kujua mwezi una siku ngapi, kama maji ni ya bamvua au ni maji mafu, kama upepo ni kaskazi au kusi, na samaki gani huingia mwamba upi kwa wakati huo. Akikosea, amepoteza siku na mafuta ya mashine. Huo ni uamuzi wenye mambo mengi yanayobadilika kwa pamoja, na huufanya alfajiri bila kalamu. Au nenda Gede, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua kwa wakulima pupa, yaani mdudu aliyejifunga kabla ya kuota mbawa, na kuwauza kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mkulima huyo lazima ajue kila aina ya kipepeo hutaga kwenye mmea gani, kiwavi wake hula nini, na siku ya kumfungasha, kwa maana pupa ana siku chache tu za kusafiri kabla hajapasuka. Wengi wa wakulima hao mitihani haikuwahi kuwasifu.

Kuna na vijana wa ufuo wa Malindi na Watamu wanaozungumza Kiitaliano kwa ufasaha, na wengine wakaongeza Kijerumani, bila kukaa darasa la lugha hata siku moja. Wameokota lugha masikioni, kwa wageni na hotelini. Nikiulizwa niwape vijana hao alama ya akili, sina shaka ni ya juu: kushika sarufi na maelfu ya maneno kwa kusikia tu ndiko kule kujifunza upesi ambako ndiyo faida kubwa ya akili. Cheti chao hakikusema hivyo. Nao walio wengi hufanya kazi ya kubahatisha, msimu hadi msimu, kwa sababu hakuna aliyewapima katika kile wanachokijua.

Wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walilipima pengo hili, kati ya ujuzi wa maisha na alama za shule, huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria, na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Waliwauliza watoto kuhusu miti ya dawa: ipi ni ya tumbo, ipi ya homa, na kwa kiasi gani. Kisha wakawapa mitihani ya kawaida ya akili na ya shule. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya mtindo wa shule. Maelezo ya watafiti yananiridhisha: saa ambazo mtoto amejifunza kwa wazee ni saa ambazo hakuzitumia vitabuni, na kinyume chake. Kila mmoja alikuwa na akili pale alipowekeza muda wake.

Ama Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa mwaka 1989, pale kwenye hospitali ya wilaya, na malaria ikawa kazi yake kubwa. Madaktari walitaka kujua kama mtoto aliyezimia kwa malaria kali akapona, ubongo wake nao umepona. Vipimo vilivyotungwa Ulaya havikufaa. Mtoto wa Ganze ambaye hajawahi kushika penseli akishindwa kuchora umbo, ameonyesha kwamba hana penseli nyumbani, basi. Kwa hiyo Penny Holding na wenzake wakatunga na kurekebisha vipimo kwa lugha na vitu ambavyo mtoto wa hapa anavifahamu. Amina Abubakar, leo profesa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, aliongoza kazi ya kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kinachobeba jina la Kilifi, kilichochapishwa mwaka 2008.

Vipimo hivyo vilileta habari nzito. Baadhi ya watoto waliopona malaria kali walibaki, miaka kadhaa baadaye, na udhaifu wa kumbukumbu na wa usemi, na wengine kifafa. Mtoto kama huyo anapofika darasa la nne akawa wa mwisho, mwalimu humwita mjinga au mvivu. Ni homa ya mwaka wake wa pili inayozungumza. Bahati njema, watoto wanaolazwa kwa malaria Kilifi walipungua sana katika miaka ya 2000, na chandarua chenye dawa kimebaki kuwa kinga rahisi kuliko zote. Kinga nyingine ya ubongo imo kwenye chumvi. Sehemu kubwa kabisa ya chumvi ya Kenya hutoka Magarini, kwenye mashamba ya Gongoni, Kurawa na Marereni, na sheria inataka itiwe iodini, madini ambayo mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto hudumaa tumboni. Chumvi ghafi ya kuokota shambani haina kinga hiyo, na hilo nawaomba akina mama wa Magarini wanisikie vizuri.

Kwa hiyo nasema wazi: anayedhani akili ni fungu lililokwisha kugawanywa, amekosea. Huko Embu watoto waliopimwa akili mwaka 1998 waliwapita kwa mbali wenzao wa mwaka 1984. Damu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walitaja wazazi waliosoma zaidi, familia ndogo, lishe na afya bora.

Nanyi wenye hoteli, gereji na mashamba ya pwani hii, msianze kuchuja watu kwa alama ya KCSE pale ambapo kazi yenyewe inaweza kuonyeshwa. Mpe mpishi jiko kwa asubuhi moja. Mpe fundi injini iliyozima. Muulize kila mwombaji maswali yaleyale, uandike majibu. Na wewe kijana uliyejifunza kazi chini ya mwembe kwa fundi, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hufanya majaribio ya ufundi kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na hupima unachoweza kufanya kwa mikono yako. Mtihani huo uko wazi kwa aliyejifunza jua kali. Jiandikishe.