Kipimo cha Presha Nacho Kipimwe

Dereva atokaye Thika kwenda Nairobi kwa njia ya Ruiru haamini upepo wa magurudumu kwa kuyatazama tu, hutumia kipimo. Kipimo hicho kikiwa kibovu, gurudumu laweza kupasuka njiani hali yeye amejiona salama. Ndivyo ilivyo kwa shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Maradhi haya mara nyingi hayana dalili hata yatakapouharibu moyo au mafigo, au kuleta kiharusi.

Zamani, damu ilipimwa kwa kutoboa mshipa wa mnyama. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alionyesha njia ya kupima pasipo kutoboa, kwa mfuko wa mpira uzungushwao mkononi. Mfuko ukijazwa upepo, hubana mshipa hata damu ikome kupita. Upepo ukipunguzwa polepole, mwuguzi husikia sauti ya damu ikirejea: hiyo ndiyo nambari ya juu. Sauti ikipotea, ni nambari ya chini. Chombo cha umeme hakisikilizi sauti. Hutambua mtikisiko wa upepo mfukoni, kisha hupiga hesabu.

Apimwaye na apumzike kwanza dakika 5, akiwa ameketi, ameegemea, na mkono umewekwa usawa wa moyo. Asizungumze, wala asiwe amebana mkojo. Nchi hii ya Ruiru na Thika ni nchi ya kahawa, lakini kahawa isinywewe katika nusu saa kabla ya kupimwa. Mfuko nao ulingane na mkono: mfuko mdogo kwa mkono mnene huonyesha nambari kubwa kuliko ilivyo kweli.

Chombo chenyewe hupimwaje? Kwanza, kisipokuwa na upepo, mshale usimame penye sifuri. Pili, mfuko huzungushwa kwenye chupa ngumu na kujazwa upepo. Mshale ukishuka upesi, upepo unavuja. Tatu, fundi hukiunganisha kwa mpira mmoja na kipimo kilichokwisha kuthibitishwa. Tofauti isizidi milimita 3 za zebaki. Mwenye chombo cha umeme nyumbani na aende nacho hospitali, iwe ya Thika au ya Ruiru, aombe kilinganishwe na cha huko kwa zamu, juu ya mkono ule ule.

Kosa dogo lina madhara makubwa. Chombo kikizidisha, mtu mzima wa afya atameza dawa asizozihitaji. Kikipunguza, mgonjwa atarudi nyumbani akifurahi, na maradhi yakiendelea. Tena, nambari ya 140 kwa 90 iliyoonekana mara moja si hukumu. Mtu apimwe tena siku nyingine. Wala mgonjwa asiache dawa kwa sababu ya nambari njema, kwani huenda ni dawa hizo zilizoileta. Na amwulize daktari kwanza.