Kifasiri, Kikalimani na Kiini: Istilahi za Kujenga Mfumo wa Kompyuta kutoka Msimbo Chanzo

Mfasiri wa mwongozo wa kiufundi hana bahati aliyo nayo mfasiri wa hadithi. Msomaji wa hadithi akikutana na neno lisilofaa, hulipita na kuendelea. Fundi anayefuata mwongozo hawezi kulipita. Hutenda kama neno lilivyomwamuru, na neno likipotoka, kazi yake nayo hupotoka. Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza istilahi za fani moja ambamo jambo hili huonekana waziwazi, nayo ni fani ya kujenga mfumo endeshi wa Linux kutoka msimbo chanzo na kutafuta hitilafu zake.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, wenye nia ya kuandika mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, akatoa kiini kinachoitwa Linux. Kiini hicho pamoja na zana za GNU ndivyo vilivyozaa mifumo tunayoijua leo. Watu wengi huipokea mifumo hiyo ikiwa imekwisha kujengwa. Lakini mwaka 1999 Gerard Beekmans alianzisha mwongozo uitwao Linux From Scratch, unaomfundisha msomaji kuujenga mfumo wake mwenyewe, kifurushi baada ya kifurushi, na vifurushi hivyo ni zaidi ya 70.

Faida ya msimbo ulio wazi si ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo chanzo wa programu hizo ulikuwa wazi kwa yeyote. Kwa hiyo mwenye kujua kujenga kutoka chanzo anao pia uwezo wa kuifanya mashine iseme lugha yake.

Tuanze na istilahi iliyo mama wa nyingine zote. Msimbo chanzo ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu, aghalabu kwa lugha ya C. Mashine haiyaelewi maagizo hayo; huelewa lugha yake tu. Hapana budi pawepo programu ya kuyageuza. Baadhi ya wafasiri wameiita programu hiyo kikusanyaji, kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana ya kukusanya, kama mtu anavyokusanya maneno ya kamusi. Tafsiri hiyo imefuata neno na kuacha kitendo, kwani programu hii kazi yake ni kufasiri wala si kukusanya. Wengine wamekopa na kusema kompaila. Mkopo huo hauna dhambi, na umekwisha kuzoeleka, lakini haumwelezi mwanafunzi jambo lolote.

Kiswahili kina hazina yake katika jambo hili. Tunatofautisha mfasiri na mkalimani. Mfasiri hupewa maandishi yote, huyafasiri hadi mwisho, kisha huyakabidhi. Baada ya hapo msomaji hana haja naye tena. Mkalimani husimama kati ya wasemaji wawili, akifasiri kauli moja baada ya nyingine, na akiondoka mazungumzo hukatika. Katika kompyuta tofauti ni hiyo hiyo. Programu moja huugeuza msimbo wote kabla haujatumika, na nyingine husoma agizo, hulitekeleza, kisha huliendea la pili. Tunapendekeza ya kwanza iitwe kifasiri, na ya pili iitwe kikalimani. Mwalimu akisema kwamba GCC ni kifasiri na Bash ni kikalimani, mwanafunzi aliyewahi kuhudhuria mkutano wenye wakalimani atakuwa amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Baada ya kufasiri zipo hatua mbili nyingine ambazo hazifai kuchanganywa. Vipande vilivyofasiriwa huunganishwa pamoja na maktaba, yaani hazina ya taratibu zitumiwazo na programu nyingi. Chombo cha kazi hiyo ni kiunganishi. Neno hili limo pia katika sarufi, lakini fani mbili zaweza kulitumia neno moja bila kugombana. Kisha programu husakinishwa, yaani hupelekwa mahali pake pa kukaa katika diski. Neno hili linatokana na sakini, na maana yake ya asili inafaa kabisa. Tumewahi kuipitia rasimu ya mwongozo ambamo hatua hizi tatu zote ziliitwa kuunda. Msomaji akiambiwa kwamba kuunda kumeshindikana, atajuaje kama kasoro imo katika msimbo, au maktaba haipo, au hana ruhusa ya kuandika katika diski? Hitilafu hizi tatu zina tiba tatu mbalimbali, na neno moja limezifunika zote.

Lipo fumbo moja ambalo kila anayejenga hulikuta mlangoni. Kifasiri chenyewe ni programu, nacho kina msimbo chanzo wake. Nani atakifasiri kifasiri? Ni kama mhunzi anayetaka kufua nyundo: hana budi kuwa na nyundo nyingine. Ndiyo maana ujenzi huanzia ndani ya mfumo ulio tayari, ambao twauita mfumo mwenyeji. Humo hujengwa zana za muda, mfano wa majukwaa ya miti ambayo mafundi huyasimamisha kando ya ukuta na kuyaondoa nyumba ikimalizika. Utaratibu wa zana hizo haukuwekwa ovyo. Binutils, chenye kiunganishi, hutangulia, kwa sababu GCC na maktaba kuu ya Glibc hukichunguza kiunganishi kilichopo ili kuamua ni uwezo gani utumike. Muda wa kukijenga kifurushi hicho mara ya kwanza ndio uliofanywa kipimo: vifurushi vingine vyote hupimwa kwa kutaja ni mara ngapi ya muda huo. Tunakiita kizio cha ujenzi.

Zana za muda zikiwa tayari, mjenzi hubadili mzizi, yaani huifanya kompyuta ilione jengo jipya kana kwamba ndilo diski yote. Kabla ya hapo ipo hatari ya kweli. Anwani ya jengo jipya huhifadhiwa katika kibadilika, yaani jina linalobeba thamani. Kibadilika hicho kikiachwa kitupu, amri iliyokusudiwa kusakinisha ndani ya jengo jipya itasakinisha katika mfumo mwenyeji na kuuharibu. Mfasiri aliyeandika tu kwamba kibadilika kinaweza kuwekwa amekosea. Yampasa aandike kwamba sharti kiwekwe, na kihakikishwe kila mjenzi anaporudi kazini.

Sasa tuingie katika utafutaji wa hitilafu, ambamo Kiswahili kina utajiri usiotumiwa ipasavyo. Tunapendekeza maneno matatu yatenganishwe. Kosa ni tendo la mtu, kama kuruka hatua ya mwongozo. Kasoro ni upungufu uliomo ndani ya msimbo wenyewe. Hitilafu ni lile linaloonekana: kazi imesimama au imetoa matokeo yasiyotarajiwa. Hitilafu hurekebishwa kwa kutafuta kosa au kasoro iliyoizaa. Kasoro ikigunduliwa, hutiwa kiraka, na hapa lugha yetu na lugha ya mafundi wa kompyuta zinakutana bila juhudi yoyote.

Orodha ya matukio ambayo programu huiandika inapofanya kazi imepewa majina mengi. Sisi twakumbusha neno la mabaharia: batli, daftari la safari ya chombo. Nahodha akitaka kujua jahazi liliacha njia wapi, husoma batli. Mjenzi naye afanye vivyo hivyo, tena asome kutoka chini kwenda juu. Mistari ya mwisho husema tu kwamba kazi imeshindikana. Hayo ni matokeo. Sababu ni hitilafu ya kwanza, ambayo huenda imo mamia ya mistari huko juu.

Mfano wa mwisho ni mashuhuri. Mjenzi amemaliza kila kitu, ameiamsha kompyuta, na kiini kinasimama kikidai kwamba hakiwezi kuipata diski yenye mfumo. Mara nyingi chanzo ni hiki: wakati wa kukisanidi kiini, kila kiendeshi cha kifaa chaweza kuingizwa ndani ya kiini, au kuwekwa kando kama moduli, au kuachwa. Mjenzi ameweka kiendeshi cha diski kando kama moduli, wala hakuandaa mfumo wa awali wa kuipakia moduli hiyo. Moduli imo katika diski, na diski haifunguki bila moduli. Ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake. Dawa ni kukiingiza kiendeshi ndani ya kiini na kukifasiri kiini upya.

Tukio hilo kwa Kiingereza hupewa jina lenye maana ya hofu ya ghafla, na wapo waliolifasiri kuwa kiwewe cha kiini. Hatukubaliani nao. Kiini hakikupatwa na kiwewe. Kimesimama kwa makusudi, kikichelea kuharibu data kama kingeendelea katika hali kisichoielewa. Kusimama kwa dharura ni jina lisilopendeza sana, lakini linasema kweli.

Kwa muhtasari, istilahi tunazozipendekeza ni hizi:

Kifasiri: programu inayougeuza msimbo chanzo wote kuwa lugha ya mashine kabla ya matumizi.
Kikalimani: programu inayosoma na kutekeleza maagizo moja moja.
Kiini: programu kuu inayotawala vifaa na kugawa kazi.
Kiamshi: programu inayokipakia kiini kompyuta inapowashwa. Kuwasha ni tendo la umeme. Kuamsha ni tendo la mfumo.
Mfumo mwenyeji: mfumo ulio tayari, ambamo mfumo mpya hujengwa.
Kizio cha ujenzi: muda wa kujenga Binutils mara ya kwanza.
Batli: orodha ya matukio yaliyoandikwa na programu.
Kusimama kwa dharura: kiini kujisimamisha ili kisilete madhara.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ndiyo ya mwisho. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa na walimu darasani na wafasiri mezani. Twawaomba wasomaji wetu wayajaribu, na wanapoona neno linamkwamisha fundi, watuandikie bila kusita.