Wazalendo wa Kihindi na Kiswahili cha Ukombozi nchini Kenya

Mwalimu wa Kiswahili hapa Lurambi, afundishapo maneno ya mkopo yenye asili ya Kihindi, hutaja gari, bima, laki na chapati. Maneno hayo ni ushahidi wa kweli, lakini wa upande mmoja: humwonyesha Mhindi wa biashara, wala hayamwonyeshi Mhindi aliyepinga ukoloni. Makala haya yanakusudia kulitazama pengo hilo.

Mwaka 1935 Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alishika ukatibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, nacho kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Badiliko hilo lilizua suala la lugha. Kigujarati na Kipunjabi viliweza kuwakusanya Wahindi peke yao. Kumfikia kibarua wa Kiafrika kulihitaji Kiswahili. Ndiyo sababu matangazo ya chama yalitolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Singh alidai uhuru bila kukawia. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi 1961.

Wenye magazeti nao walifuata njia hiyo. Girdhari Lal Vidyarthi, mwasisi wa Colonial Times (1933), alitoa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, alishiriki mwaka 1960 kuanzisha shirika la uchapaji lililotoa Sauti ya Mwafrika. Aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965.

Hapana budi tupime uzito wa jambo hili. Bwana shamba wa Kizungu naye alisema Kiswahili, kile kiitwacho Kisetla, lakini alikisema ili kuamrisha. Wazalendo hawa walikitumia kumwita msikilizaji ndugu katika kudai haki. Tofauti kubwa haikuwa katika msamiati, bali katika uhusiano wa msemaji na msemeshwa. Na huko ndiko ukoloni wa kitamaduni unakong'olewa.

Tunapoieleza historia ya Kiswahili twaikumbuka Kamati ya Lugha ya 1930 na usanifishaji wake. Yafaa mitambo hiyo ya uchapaji ya Nairobi itajwe kando yake. Mwanafunzi ahitimuye akiijua asili ya neno bima, asimjue Makhan Singh, amefundishwa nusu ya somo.