Kazi ya usiku katika mji unaoogopa usiku

Ukiwa chini ya dari yenye nyuki, ghafla ukanusa ndizi mbivu na wala hakuna ndizi ndani ya nyumba, ondoka. Usipige mikono hewani. Funika uso, toka, ingia penye mlango unaofungika. Nyuki anapouma huacha mwiba mwilini, na pale pale hubaki harufu inayowaita wenzake waje kuongeza. Wanakemia huiita isoamili asetati, kitu kilekile kinachoinukisha ndizi mbivu. Fundi aliyenieleza haya Butembo, mashariki mwa Kongo, hana haja na jina hilo. Yeye siku ya kazi hali ndizi, hanywi kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na akikuta wanaipika uani huomba madumu yaondolewe kwanza. Mwiba hukwanguliwa kwa ukucha papo hapo, maana huendelea kusukuma sumu. Aliyevimba midomo au anayehema kwa shida hasubiri dawa ya nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja.

Fundi huyo ni mzee, seremala. Anayeezeka nyumba hukutana na nyuki apende asipende. Wengi wanaomwita, anasema, hawamhitaji. Mtu ameona vibomba vya udongo ukutani, akaogopa: huyo ni nyigu mfinyanzi, huishi peke yake na kujaza vibomba buibui aliowapooza wawe chakula cha watoto wake. Aachwe. Kishada cha rangi ya kijivu, kama karatasi, kinachoning'inia kwa kikonyo chini ya paa ni cha nyigu wenye kundi, na hao huuma tena na tena kwa kuwa mwiba wao haunasi. Kikiwa juu ya mlango huvikwa mfuko gizani na kukatwa; kikiwa mbali bustanini kibaki, maana nyigu hao huwinda viwavi. Na bonge la nyuki lililotua mtini bila sega hata moja ni wasafiri. Hawana watoto wa kulinda, na mara nyingi siku mbili tatu haziishi wameondoka. Waondoe watoto na mbuzi waliofungwa kamba, basi.

Waliohamia ndani ndio kazi yenyewe. Nyuki akirudi na vidonge vya chavua miguuni, ujue kuna watoto wanaolishwa. Lakini wako upande gani wa dari? Hapa ndipo mzee aliponiteka. Huja kabla ya jua, wakati baridi ya Butembo, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, bado imeishika nyumba. Hupanda ngazi, huweka kiganja kwenye triplexi ya dari na kukisogeza polepole, kama mama anayetafuta homa mwilini mwa mtoto. Baridi, baridi, baridi, halafu uvuguvugu. Nyuki huwatunza watoto wao katika joto la nyuzi 34 au 35, usiku na mchana, na joto hilo hupenya mbao nyembamba. Huchora duara kwa chaki. Atakata pale, si pengine. Katika mji wa Beni, ulio chini zaidi na wenye joto, kiganja hakisemi waziwazi hivyo. Huko hulaza sikio ukutani.

Petroli haikubali hata kidogo: chini ya mabati kuna mbao kavu. Sumu ya kupuliza nayo humkera. Nyuki wakifa, asali hubaki bila walinzi, huvuja, siafu huja, na harufu ya nta huita kundi jingine. Yeye hutumia moshi wa maganda makavu ya kahawa, na majani mabichi juu yake ili usiunguze. Moshi huifunika ile harufu ya ndizi, na nyuki wanaodhani moto unakuja hujaza matumbo asali. Masega yenye watoto huyafunga kwa kamba za mgomba kwenye vijiti vya mzinga, kisha humtafuta malkia. Akishaingia mzingani, wengine husimama mlangoni wameinua matumbo, wanapepea mbawa ili harufu yao iwaelekeze waliobaki. Akifika hapa mzee huacha kusimulia, huonyesha kwa vidole.

Kazi hii inataka giza. Usiku wote wako nyumbani, hawaruki ingawa hutambaa, na mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Lakini Beni, kilomita 54 kutoka Butembo, usiku una mambo yake. Wimbi la mauaji ya raia lilianza Oktoba 2014, na Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtu aliyefunika uso kwa wavu, na taa nyekundu mkononi na kopo linalofuka moshi, atajieleza vipi kwa askari? Basi Beni hufanya alfajiri, kwa haraka. Nyuki waliokwisha kutoka hurudi na kukuta tundu limezibwa na mzinga umeshapelekwa mbali. Hao, anasema, ndio huishia kuuma majirani, na lawama ni yake.

Wanaomwita huko mara nyingi si wenye nyumba. Ni majirani wa watu waliokimbia. Nyumba ikikaa kimya, mlango umefungwa na hakuna moshi wa jiko, nyuki hupata mahali pa kuishi. Kwa kawaida malipo yake ni fedha kidogo na sehemu ya asali. Mwenye nyumba akiwa kambini, au asijulikane kama yu hai, nani atoe ruhusa ya kukata dari yake? Asali iwe ya nani? Mzee amewahi kuuliza wakubwa wa mtaa, kila mmoja akajibu lake. Kwa sasa huchukua nyuki peke yao, na asali huiacha kwa jirani kwenye ndoo yenye kifuniko. Jirani aiweke hadi lini, hakuna aliyemwambia.