Kwa Nini Mutu Anazimia Mbele ya Bendera



Kila mwaka, tukiwa mu mistari kusalimia bendera, kunakuwa mwanafunzi anayeanguka. Halafu maneno yanaanza: wengine wanasema amerogwa, akiwa binti, wanamusingizia mimba. Masengenyo hayo yanaumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Tuangalie sababu ya kweli.

Dunia inavuta kila kitu chini, hata damu. Mutu akilala, kichwa, moyo na miguu viko kimo kimoja, na moyo hauna kazi ngumu. Akisimama, karibu nusu lita ya damu inashuka tumboni na miguuni. Mara moja mishipa ya fahamu shingoni inatoa habari: moyo unapiga mbio, mishipa ya damu inajikaza, na ubongo unapata damu yake.

Nyama za miguu nazo zinasaidia. Kila hatua zinakamua damu irudi juu. Njo maana mama anayepanda milima ya Kadutu na muzigo mugongoni hazimii kirahisi, lakini kijana mwenye nguvu, akisimama kama muti dakika 30 juani, bila kunywa wala kula, anaweza kuanguka.

Wasafiri wa anga wanatuonyesha kinyume. Kule hawasikii uzito: damu inapanda kichwani, uso unavimba, miguu inakonda. Scott Kelly wa Marekani alikaa kule siku 340, kati ya 2015 na 2016. Hata kwa mazoezi mingi, moyo wake ulipungua zaidi ya robo. Moyo usioshindana na uzito unakonda.

Basi, kuanguka ni dawa ya mwili wenyewe: kichwa kinashuka kimo cha moyo. Hapana kumusimamisha! Makapita wa darasa, mumulalishe chini, muinue miguu yake, mulegeze kola, musimuzunguke wote. Hapana kumutilia maji kinywani mbele hajaamka. Asipoamka mu dakika moja, ao akiumia, ao kama alianguka akikimbia, apelekwe kituo cha afya.

Na wewe unayesimama: kunywa maji asubuhi, chezesha vidole vya miguu, usikaze magoti. Macho yakianza kuona giza, chuchumaa bila haya. Afadhali kuchekwa kuliko kupasuka kichwa.

Na sisi tunaoangalia, tuinue miguu ya mwenzetu, tufunge vinywa.

Kapita Mukuu, darasa la sita