Vifaranga wapya kwa lupango: tusiende mbio

Wandugu, mshahara ikichelewa, ni mayai ya mama ndiyo inalipa chumvi na makala. Basi tuchunge vifaranga.

Mimi mwenyewe nilikosa. Kabla ya kwenda kazi ya usiku nilitia vifaranga 10 vya soko kati ya kuku wakubwa. Asubuhi nilikuta 4. Kuku wako na shefu wao, kama sisi chini ya ardhi: mgeni anadonolewa kichwani, damu ikitoka wote wanamrukia. Bibi hakusema kitu, na hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Sasa tunafanya vingine. Kwanza wanakaa mbali majuma 2 ao 3, juu kwa soko unaweza kununua kuku pamoja na ugonjwa. Kisha tunafunga kona na waya: wanaonana, hawagusane, siku 7 hivi. Tunangoja wawe na majuma 8 hata 12, ndipo tunawaingiza usiku, wakubwa wakilala. Sahani za chakula ziwe 2, mbalimbali. Chakula ya kuku wa mayai usiwape watoto: chokaa ni mingi, inaharibu figo.

Wakidonoana kidogo, acha. Ukiona damu, toa yule haraka.